Nusu ya Kivuli cha Stamena

Sogeeni jamani, wenye macho mazima na wenye miwani, na wewe pia uliyekaa kule nyuma ukijifanya huna ugonjwa wowote. Hii ni habari ya Stamena wa Sokolnitsa. Ninaisimulia kwa sababu wengi wetu tungefanya kama alivyofanya yeye, tena tungejiona tuna akili.

Sokolnitsa iko juu kabisa kwenye milima ya Rodopi, na gari likifika huko linahema. Alfajiri ya sikukuu ya Enyovden, mwezi wa sita tarehe ishirini na nne, wanawake wa kijiji hupanda malishoni kabla jua halijatoka. Huchuma majani ya dawa aina sabini na saba na nusu, kwa ajili ya magonjwa sabini na saba na nusu. Hiyo nusu ni ya ugonjwa usio na jina. Jua likichomoza, kila mmoja huligeuzia mgongo na kutazama kivuli chake kwenye nyasi. Kivuli kikiwa kizima, mwaka ni wa afya. Kikiwa nusu, basi, hakuna anayependa kuimalizia sentensi hiyo.

Asubuhi hiyo ya Jumanne ilikuwa tulivu mno. Umande ulikuwa umelowesha viatu, zaatari ilikuwa ikinukia, na ukungu ulikuwa umelala bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Stamena alichuma polepole, kikapu mkononi. Alikuwa na miaka sitini na minane. Vuli iliyopita alitolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia, akawekewa lenzi ya bandia. Alipofunguliwa bendeji alilia kwa furaha, maana alikuwa amesahau kwamba anga lina rangi ya buluu. Jicho la kushoto lilikuwa bado halijafanyiwa kitu, na kwa jicho hilo aliona ukungu mtupu. Kwa hiyo mwanamke huyu alikuwa akiishi kwa jicho moja, lile la kulia, na alilipenda kama mtoto wa uzeeni.

Sasa, kwa wiki mbili zilizopita, jicho hilo lilikuwa likimuonyesha vitu. Vimulimuli viliwaka pembeni, hata mchana. Halafu kulikuwa na vidoa vyeusi vinavyoelea. Stamena alidhani ni masizi ya jiko, akafuta kioo cha dirisha mara tatu kwa siku. Vimulimuli aliviona vizuri tu. Alidhani majira ya joto yamewahi kuja mwaka huo.

"Linatoka! Linatoka!" wanawake waliita.

Wote wakageuka. Stamena naye akageuka, akakitafuta kivuli chake kwenye nyasi za mteremko. Aliona kichwa chenye kitambaa. Aliona mabega, na kikapu. Kutoka kiunoni kuja chini hakuona kitu, wala kivuli wala nyasi. Palikuwa na weusi mtulivu tu, kama maji ya kisima.

Velika, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, alipita mbele yake, akaruka ghafla kama aliyekanyaga moto.

"Ayaa! Nisamehe, dada!" Velika alisema.

Stamena hakujua anaombwa msamaha wa nini. Wala hakuuliza. Alisimama pale akiwaza, kumbe ndiyo hivi. Kumbe ni mwaka huu.

Hapa ndipo ningependa kumshika mabega nimtikise. Lakini hadithi haitikisiki, na Stamena alishuka mlima na wenzake, akaimba nao, akasuka shada lake la majani, akalitundika mlangoni. Hakumwambia mtu neno.

Alichofanya ni kufungua sanduku. Wanawake wa rika lake wana nguo walizojiwekea kwa ajili ya jeneza, na yeye alikuwa nazo: gauni jeusi, kitambaa kipya, soksi ambazo hazijavaliwa. Alizifua, akazianika nyuma ya nyumba.

"Bibie, unaalikwa harusini?" aliuliza mumewe, Delcho. Huyu mzee hakuwahi kupitisha siku bila mzaha.

"Nondo zinaingia. Naanika tu, mzee."

"Haya. Mwambie bwana harusi mimi bado nipo."

Stamena alicheka, halafu akaingia ndani akalia kimya kimya, kwa sababu alimpenda mzee yule na hakujua atapikiwa na nani. Hakutaka kumtia hofu. Alijiambia atamwambia baada ya kukata majani ya ng'ombe, au baada ya mavuno ya viazi, au asimwambie kabisa.

Siku zilizofuata zilipita kama usingizi wa mchana. Ule weusi ulikuwa ukipanda. Jumatano ulifika juu ya kiuno cha vitu vyote. Milima haikuwa na miguu, ilielea. Mbuzi walielea. Delcho alikuwa akitembea uani bila magoti, akipiga mluzi, na Stamena aliketi kwenye benchi la mbao akimtazama mumewe asiye na miguu, akaona ni jambo zuri la kusikitisha. Ajabu ni kwamba jicho halikumuuma hata kidogo. Halikuwasha wala halikuwa jekundu. Kama lingeuma, ndugu zangu, angepiga kelele na kijiji kizima kingesikia. Alhamisi alimimina maziwa pembeni ya kikombe.

"Siku hizi paka tunamnywesha mezani moja kwa moja?" Delcho aliuliza.

"Mkono umeteleza."

Delcho hakuendelea na mzaha. Alifuta meza mwenyewe, akamtazama mkewe kwa muda, kisha akatoka.

Ijumaa asubuhi Velika alikuja na furushi lake la majani ili wayafunge pamoja mafungu mafungu. Alipitia nyuma ya nyumba, akaingia jikoni na soksi moja nyeusi mkononi.

"Hizi nguo ni za nani?"

"Zangu."

"Najua ni zako, tulizinunua wote! Nauliza zinafanya nini juani. Nani anakufa humu ndani?"

Stamena aliweka uzi chini. Alikuwa amechoka kubeba peke yake.

"Nilikiona kivuli changu, Velika. Kilikuwa nusu. Toka kiunoni kwenda chini hakuna kitu. Nakuomba umwangalie Delcho, asile viazi vibichi."

Velika aliibwaga soksi mezani.

"Nusu ipi?"

"Ya chini. Miguu."

"Miguu? We mwanamke, mimi nilikikanyaga miguu! Si nilikuomba msamaha? Miguu yako ilikuwa imelala hapo kwenye nyasi, mirefu kama ya korongo, nikaipanda na kiatu changu! Siku tatu silali vizuri, nasema nimemkanyagia Stamena mwaka wake!"

Shada la mlangoni lilisukumwa na upepo kidogo.

"Kilikuwa na miguu?" Stamena aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yote miwili. Kivuli chako kilikuwa kizima kuliko changu. Mimi nina nyonga mbovu, hata kivuli kinachechemea." Velika alisogea karibu, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja, akainua mkasi wa uzi kwa mkono mwingine. "Nimeshika nini?"

"Wapi?"

"Hapa, mbele ya kidevu chako."

"Hakuna kitu hapo."

"Mungu wangu," Velika alisema. "Nusu haiko kwenye nyasi. Iko humu jichoni."

Kisha akakumbuka kuuliza swali ambalo mtu alipaswa kuuliza miezi minane nyuma: hospitali walikupa karatasi yoyote? Walikuwa wamempa. Stamena siku ile alikuwa na bendeji, hakuweza kusoma, na kwa heshima aliikunja akaichomeka nyuma ya picha takatifu ya Mtakatifu Petka, ikae mahali pazuri. Velika aliichomoa, akaipangusa vumbi, akaisoma kwa sauti. Ukiona mwanga unaomulika pembeni ya jicho, au vidoa vyeusi vipya vinavyoelea, au giza linaloingia kama pazia, njoo siku hiyo hiyo. Hata kama hakuna maumivu. Usisubiri.

Delcho alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Hakusema mzaha wowote. Alikwenda kuwasha gari lake la zamani, Lada, na mara mbili akakosea tundu la ufunguo.

Hospitali ya macho iko chini Plovdiv, kwenye joto. Daktari Ralitsa alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, na mikono yake ilinukia sabuni. Alitazama ndani ya jicho kwa muda mrefu, akamwambia Stamena aangalie juu, chini, kulia, kushoto.

"Ni ile lenzi mliyonitia?" Stamena aliuliza. "Ndiyo iliyoniponza?"

"Lenzi yako imekaa vizuri, mama, haina kosa. Lakini baada ya upasuaji ule, kwa watu wachache, ute ulio ndani ya jicho huivuta retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma tunayoonea, mpaka ikachanika. Maji yamepita kwenye tundu na yanaibandua. Umeona karatasi ya ukutani inavyobanduka kwa unyevu? Ndivyo. Imebanduka kuanzia juu, ndiyo maana unakosa vya chini."

"Na tukiacha?"

"Itabanduka yote. Jicho hili litazima."

Stamena alishika ukingo wa kiti. Yule mwanamke aliyekuwa ameanika nguo zake za kuzikiwa bila kutoa chozi mbele ya watu, sasa aliogopa kweli kweli. Kufa alikuwa amekuzoea kwa siku tatu. Kuishi gizani hakuwa amekuwaza hata mara moja.

Daktari alieleza kwamba atasafisha ule ute, atairudisha retina mahali pake na kuizibia tundu, kisha lazima aweke kitu ndani ya jicho cha kuishikilia mpaka ishike. Kuna gesi, na kuna mafuta maalumu.

"Gesi huyeyuka yenyewe na kuisha," alisema. "Lakini siku saba za mwanzo utakaa kichwa chini, na gesi ikiwa jichoni huruhusiwi kupanda ndege wala mlima. Ukipanda inatanuka, inalikaba jicho mpaka linakufa. Utakaa huku chini wiki sita, labda nane."

"Wiki nane!" Delcho aliruka. "Na majani ya ng'ombe? Na sikukuu ya Mtakatifu Iliya? Hayo mafuta je?"

"Akiwekewa mafuta, anaweza kurudi mlimani. Ila baada ya miezi kadhaa lazima nimpasue tena kuyatoa, na muda wote huo ataona vibaya. Kwa mpasuko wake huu wa juu, mimi ningechagua gesi. Lakini jicho ni lake."

"Mafuta, basi," Delcho alisema haraka. "Mtie mafuta twende zetu nyumbani."

"Mzee," Stamena alisema, "unaogopa nini?"

Delcho alivua kofia, akaizungusha vidoleni. "Sijawahi kulala peke yangu katika nyumba ile," alisema. "Miaka arobaini na sita. Sijui hata chumvi iko wapi."

Stamena aliifikiria nyumba yake, benchi la mbao, milima inayoelea. Ni kweli kwamba moyo wake wote ulikuwa unavutwa kwenda juu. Halafu akatikisa kichwa upande huu na upande ule, ambavyo kwa watu wa huko ndiyo kukubali.

"Usitikise kichwa, mama," Daktari Ralitsa alisema. "Siku hizi saba kichwa chako ni mali yangu. Sema kwa mdomo."

"Siku tatu hizi nilikuwa nimeshakufa, daktari. Sasa wiki nane zitanifanya nini? Nitie gesi. Na wewe mzee, chumvi iko kwenye kopo la kahawa."

Alipasuliwa kesho yake asubuhi, kwa ganzi, akiwa macho. Baadaye alisimulia kwamba ilikuwa kama kulala chini ya mto wa maji safi na kutazama juu. Vivuli virefu vilipita taratibu kwenye mwanga, vikagusa kitu, vikaondoka. Daktari alikuwa akiimba puani. Stamena hakuhisi maumivu, aliwaza tu kwamba vivuli hivyo vyote vilikuwa vizima.

Mtoto wa Velika alikuwa na nyumba mjini ambayo majira ya joto hubaki tupu, na huko ndiko alikolala kifudifudi siku saba, paji la uso kwenye mto, akiangalia mbao za sakafu. Velika alikataa kuzungumza na kisogo. Alilala chali sakafuni, chini kabisa ya uso wa rafiki yake, akamlisha cheri moja moja na kumpa umbeya wote wa Sokolnitsa toka mwaka walioolewa. Hapo walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Usinidondoshee kokwa!" Velika alisema. "Macho yangu ndiyo yanayofanya kazi hapa."

Alipoanza kuinuka, Stamena aliiona gesi yenyewe: povu kubwa linalocheza, na dunia ikipanda na kushuka nyuma yake. Kila siku povu lilipungua. Aliishi nalo kama mtu anayeishi na mgeni mpole asiyesema anaondoka lini.

Mkesha wa Mtakatifu Iliya, Delcho alikuja na Lada, amenyoa, amevaa shati jeupe.

"Usiku mmoja tu, bibie. Kijiji kizima kitakuwepo. Nitaendesha polepole, hilo povu halitajua kama tumepanda."

Macho ya Stamena yalijaa machozi, maana alisikia harufu ya nyumbani kwenye lile shati, moshi na nyasi. "Litajua," alisema. "Kama unanitaka sana, kaa wewe."

Delcho alinuna, akasema mji unanuka, akasema ng'ombe watakufa kwa huzuni. Halafu akampigia simu jirani awakamue ng'ombe, akatandika koti sakafuni, akalala hapo. Alikaa siku tano.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, povu lilikuwa dogo kama dengu. Kesho yake halikuwepo. Daktari alitazama, akatabasamu, akamruhusu kupanda.

Alipofika nyumbani Stamena alisimama mbele ya mlango wake. Aliona shada lililokauka, ngazi, miguu yake mwenyewe. Lakini nguzo ya mlango ilikuwa imepinda katikati, kama iliyosukumwa kwa kidole.

"Imepinda kwa sababu niliijenga mimi," Delcho alisema.

Haikuwa hivyo, na wote wawili walijua. Daktari alishamwambia: maji yalikuwa yameanza kuingia katikati ya retina, pale tunapotambulia sura za watu. Angekuja Jumanne, nguzo ingekuwa wima. Ile Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zitabaki kwenye mlango ule maisha yake yote.

Mwaka uliofuata, alfajiri ya Enyovden, wanawake walipanda tena. Kabla ya jua kutoka, Stamena aliwasimamisha mstarini kama mwalimu wa shule.

"Kivuli baadaye. Kwanza kila mtu azibe jicho la kushoto, atazame ule msonobari. Halafu azibe la kulia. Mnauona mzima?"

"Mzima!" walijibu, wengine wakichekelea. "Mzima, mwalimu!"

Velika peke yake hakujibu. Alikuwa amesimama na kiganja kwenye jicho moja, kikapu kimemwangukia miguuni.

"Velika? Mbona kimya?"

"Kuna masizi," Velika alisema. "Tangu jana. Na vimulimuli. Nilidhani ni usingizi."

Stamena hakungoja jua. Hawakuchuma hata yale majani ya nusu. Alimshika rafiki yake mkono, wakashuka kwenye umande kwa kasi ya wanawake wazee wawili wenye nyonga tatu nzuri kati yao, mpaka uani, akampigia Delcho kelele awashe gari. Retina ya Velika ilikuwa imechanika kidogo, haijabanduka. Walimpiga miale ya leza ya kuuziba mpasuko siku hiyo hiyo akiwa amekaa kwenye kiti, na kesho yake alilala kwake. Hakuwekewa gesi, hakulala kifudifudi, na nguzo zake zote za mlango zimenyooka mpaka leo.

FUNZO

Ndugu zangu, sisemi mila ni mbaya. Nendeni malishoni, chumeni, imbeni, tazameni vivuli vyenu. Ila jicho likikuonyesha mwanga usiokuwepo, masizi yasiyofutika au giza linalopanda, usilifanye kuwa ndoto wala siri, na usisubiri liume, kwa sababu haliumi. Hasa wewe uliyewekewa lenzi ya bandia: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Daktari akikupa njia mbili, uliza kila moja inataka nini kwako, kisha chagua itakayokuachia jicho, hata kama nyingine ndiyo itakayokufikisha nyumbani mapema. Na wewe uliye nyumbani na mgonjwa, jifunze chumvi iko wapi.

Mwisho, nyote mliokaa hapa, kabla hamjainuka: zibeni jicho moja. Sasa la pili. Kuna aliyenyamaza?